Opsheni zipangwe, na zipangwe kwa njia moja

Leo nataka kuongelea kitu ambacho watu wengi kwenye hii kazi yetu ya kuandika programu wanakiona kidogo, hawawezi hata kukaa chini wakijadili, na mimi nakiona kikubwa sana: mpangilio wa opsheni (zile herufi na maneno yenye kistari unayoongeza kwa amri kubadilisha inavyofanya) kwenye miongozo ya programu za terminali, zile unaziendesha kwa kuandika amri. Yaani ukiandika `--help` ama ukifungua ukurasa wa `man` (ule mwongozo unaofunguka hapo hapo kwa terminali), zile `-a`, `-b`, `--output`, `--verbose` na wenzao zinafuatana aje, nani anaanza, nani anafuata, na ukienda kwa programu ingine ya timu hiyo hiyo utakuta zimefuatana vile vile ama utaanza kutafuta upya.

Kwa ofisi nyingi nilizoona hapa Nairobi opsheni zinaandikwa vile zilizaliwa. Ya kwanza kutengenezwa iko juu, ile iliongezwa wiki jana kwa sababu meneja alitaka ripoti itoke kwa CSV iko chini kabisa, na katikati kuna mchanganyiko wa kila mtu aliyewahi kugusa hiyo programu. Ukiuliza unaambiwa "si zote ziko hapo, soma tu." Lakini hakuna mtu anasoma orodha ya opsheni kama hadithi kutoka juu mpaka chini. Mtu anaingia hapo akitafuta kitu kimoja, mara nyingi akiwa na haraka, mara nyingi kuna kitu kimeharibika mahali, akikipata anatoka.

Chukua hali ya kawaida kabisa. Umerithi skripti ya mtu aliyehama kampuni kitambo, inajiendesha yenyewe kila usiku, na siku moja jioni inakufa, meseji zinaanza kumiminika kwa grupu ya WhatsApp na wewe uko ndani ya matatu Thika Road, jam haisongi, kitu uko nacho ni simu tu. Unafungua Termux, terminali ya simu, unaingia kwa seva, unafungua ile skripti na unakuta mstari uko na `-k -n -S 30`. Sasa hizo herufi tatu zinamaanisha nini kwa hiyo programu? Skrini ya simu inakuonyesha mistari michache kwa wakati mmoja. Kama opsheni zimepangwa kwa alfabeti unaruka ruka tu, hii ni `-c`, bado, hii ni `-p`, nimepita, rudi juu kidogo, `-k` hii hapa. Kama hazijapangwa utasoma kila mstari na kila maelezo, na ukimaliza kupata `-k` unaanza tena kutafuta `-n` kutoka juu, kwa sababu kujua mahali `-k` iko hakukusaidii hata kidogo kujua `-n` iko wapi.

Najua kuna mtu anasema si utafute tu na slashi. Sawa, ndani ya `less`, programu inayokuonyesha maandishi ukurasa kwa ukurasa, ukiandika `/-n` inakusimamisha kwa kila `--line-number`, kila `--no-` na kila neno la Kiingereza lenye hicho kistari na n, mpaka uchoke. Wenye wamezoea wanaandika `/^ *-n` ili itafute mwanzo wa mstari peke yake, na hiyo inasaidia kweli, jifunze kama hujui. Lakini `--help` ya programu nyingi inamwagwa tu kwa skrini bila `less`, na zaidi ya hapo, kutafuta kunahitaji uwe unajua jina la kitu unachotafuta, na kwa hilo nitarudi.

Kuna faida moja ya mpangilio ambayo sioni ikitajwa sana. Orodha iliyopangwa inakuambia pia kwamba kitu hakipo. Kuna kijana wa atachimenti alikuwa amekaa kando yangu, amepewa programu yetu ya kulinganisha malipo, ile inachukua faili ya benki na kuangalia kama inakubaliana na rekodi zetu, akaniuliza, "Boss, hii kitu iko na `--dry-run`?" Swali zuri sana kutoka kwa mtu mpya, alitaka kujaribu bila kuharibu kitu. Nikamwambia afungue `--help` aangalie. Zilikuwa zimejaa skrini mbili, zinaanza na `--input`, alafu `--verbose`, `--bank-code`, `--retry`, `--date`, `--smtp-host`, alafu sijui nini. Nikamuona akipitisha kidole kwa skrini ya laptopu mstari kwa mstari mpaka mwisho, akanyamaza, akarudi juu akaanza tena. Mara ya pili akasema, "Sijaiona, ama nimeiruka?" Hilo swali la pili ndilo linaniuma. Alikuwa amesoma kila kitu mara mbili na bado hakuwa na uhakika, juu kwa orodha isiyo na mpangilio huwezi kuwa na uhakika kwamba kitu hakipo hadi uamini macho yako hayajaruka hata mstari mmoja. Ingekuwa imepangwa angeangalia kati ya `--date` na `--input`, akute hakuna, na hapo hapo ajue jina hilo halipo aende kwa lingine. Mwishowe alienda akafungua msimbo wenyewe, na kumbe uwezo huo upo, unaitwa `--no-commit`, ulikuwa umekaa chini karibu na mambo ya barua pepe juu ndiye mtu huyo huyo aliandika zote mbili siku hiyo.

Sasa hapo wale wa upande ule mwingine, wasiotaka alfabeti, wana hoja nzuri na lazima niiheshimu. Watasema alfabeti isingemsaidia huyo kijana kupata `--no-commit`, juu alikuwa anajua anachohitaji ila hakujua kinaitwaje. Ni kweli kabisa. Hiki kitu cha kujaribu bila kutekeleza kina majina mengi hadi inachosha: `make` ina `-n` na hiyo hiyo inaitwa `--just-print`, `--dry-run` na `--recon`, `rsync` ni `-n` ama `--dry-run`, `apt-get` ni `-s`, `--simulate`, na pia inakubali `--no-act`, Ansible wanaita `--check`. Mtu asiyejua jina anahitaji opsheni zipangwe kwa maana, za usalama pamoja, za kutoa matokeo pamoja, za mtandao pamoja. Ukurasa wa `man` wa `grep`, amri ya kutafuta maneno ndani ya faili, umefanywa hivyo, kuna fungu la namna ya kulinganisha maneno, fungu la matokeo, fungu la mistari ya kando ambapo `-A`, `-B` na `-C` zimekaa jirani, na ukisoma hilo fungu la mwisho unaelewa zote tatu kwa pamoja kwa urahisi kuliko zingetawanywa.

Kwa hivyo sisemi alfabeti ama kifo. Nasema kuna wasomaji wa aina mbili, mmoja amekutana na herufi kwa skripti ya mtu na anataka maana yake, mwingine ana haja na anatafuta herufi, na kwa uzoefu wangu huyo wa kwanza ni wengi zaidi, hasa kazini ambako nusu ya maisha ni kusoma vitu wengine waliandika. Mradi wa curl, programu ya kuvuta na kutuma data kwa mtandao, ulikutana na hii shida vizuri sana. Ile programu ina opsheni zaidi ya 200, na kwa miaka mingi `curl --help` ilikuwa inakumwagia zote. Toleo la 7.73.0, lililotoka Oktoba 2020, lilibadilisha: ukiandika `curl --help` unapata chache zile muhimu, ukitaka za aina fulani unataja kategoria, ukitaka zote unaandika `curl --help all`. Lakini ukurasa wa `man`, ule wa kumbukumbu, wakauacha kwa alfabeti. Mlangoni maana, ndani alfabeti. Mimi naona hapo walipatia kabisa, na kama mwongozo wako ni mrefu fanya hivyo. Kama programu yako ina opsheni kumi na tano, na nyingi za ofisi zinatoshana hapo, usijisumbue na mafungu, weka alfabeti na umalize.

Kile siwezi kukubali ni mpangilio wa tatu, ule unakaa kwa kichwa cha mwandishi peke yake. Ni kama yale maduka ya spea za magari Kirinyaga Road, mwenyewe anajua filta ya kila gari iko rafu gani chini ya boksi gani, anaitoa bila kuangalia, lakini akienda lunchi ukabaki na kijana wake unaambiwa ngoja mzee arudi. Mwandishi wa programu akihama, mzee harudi.

Na nimegundua mara nyingi hata si uvivu wa mtu. Ni maktaba ya programu inaamua na hakuna mtu ameulizwa. Ukitumia argparse ya Python, `--help` inatoa opsheni kwa ule mfuatano uliziandika kwa msimbo, haipangi chochote. Ukitumia kifurushi cha `flag` cha Go, chenyewe kinazipanga kwa alfabeti upende usipende. Ukitumia Cobra, maktaba ingine ya Go, inapanga pia, ila kuna `SortFlags` ambayo unaweza kuiweka `false` ikaacha. Upande wa Rust, maktaba ya clap ilikuwa inapanga kwa alfabeti, alafu toleo la 4 likageuza, sasa inafuata mfuatano wa msimbo. Ofisi yenye programu mbili za Python, tatu za Go na moja ya Rust inajikuta na mipangilio tofauti na hakuna mkutano wowote ulikaa ukaamua hivyo. Alafu kuna ule mwongozo ulioandikwa kwa mkono kwenye README (ile faili ya maelezo ya programu), ambao haufanani na `--help` ya programu yenyewe. Msomaji akiwa amefungua zote mbili kando kwa kando, kulinganisha kama kuna opsheni imesahaulika inakuwa kazi ya nusu saa. Zikiwa na mfuatano mmoja, pengo linajionyesha lenyewe, unashuka macho yakienda kushoto na kulia na mahali mistari imeacha kulingana ndipo kuna kitu kimesahaulika.

Faida ingine ndogo, nitaipitia haraka: watu wawili wakiongeza opsheni wiki moja, kila mmoja kwa tawi lake la Git, yaani nakala yake ya msimbo, na wote wakaandika mwisho wa orodha, watagongana wakati wa kuunganisha. Orodha ikiwa imepangwa, kila mmoja anaandika mahali pake na mara nyingi hawakutani kabisa.

Sasa ukisema alfabeti watu wanafikiria umemaliza, na hapo ndio kazi inaanza. Alfabeti gani? Herufi kubwa zinaenda wapi? Kwa ASCII, ile orodha ya namba za herufi, `A` ni 65 na `a` ni 97, kwa hivyo kompyuta ikipanga kwa namba hizo herufi kubwa zote zinatangulia, Z inakuja kabla ya a. Ukiangalia `ls` (amri ya kuorodhesha faili) ya FreeBSD, mfumo mmoja wa ukoo wa Unix, muhtasari wake unaanza na herufi kubwa zote alafu ndogo zote. Ukiangalia `ls` ya GNU, ile utakuta kwa Linux nyingi, wanaenda herufi kwa herufi, ndogo inaanza, kwa hivyo `-a` alafu `-A`, `-i` alafu `-I`. Na ukisoma ule ukurasa wa BSD unaoitwa style(9), ambao unaelekeza watu wao namna ya kuandika msimbo, mfano wao ni huu:

`usage: f [-aDde] [-b b_arg] [-m m_arg] req1 req2 [opt1 [opt2]]`

Uangalie vizuri huo mstari kwa sababu una mafunzo mengi kwa nafasi ndogo. Opsheni zisizobeba kitu zinaanza, zote ndani ya mabano mamoja, kwa alfabeti. Kisha zile zinazobeba agumenti (kitu unachoandika baada yake), nazo kwa alfabeti, kila moja na mabano yake. Kisha vitu vya lazima, kisha vya hiari. Na ndani ya `-aDde` herufi kubwa D imekaa kabla ya d lakini baada ya a. Hiyo ni njia ya tatu, inachanganya kubwa na ndogo kwa kila herufi, kubwa ikitangulia. Mtu ambaye amesoma kurasa kadhaa zilizoandikwa hivyo, akiona muhtasari tu bila kusoma maelezo anajua tayari ni opsheni gani zinahitaji kitu nyuma yake, juu ziko nje ya lile fungu la kwanza.

Alafu kuna swali la ufunguo, unapanga kwa herufi fupi ama jina refu? Kwa `ls` ya GNU, `-B, --ignore-backups` imekaa kwa B. Kwa curl, `-k, --insecure` imekaa kwa I, juu wao wanapanga kwa jina refu. Wana sababu: herufi kubwa, ndogo na tarakimu ukizijumlisha ni 62 tu, na wao wako na zaidi ya 200, kwa hivyo opsheni nyingi za curl hazina herufi fupi kabisa na jina refu ndilo kila mmoja yuko nalo. Kwa programu ndogo mimi napendelea herufi fupi kama ipo, na jina refu kama haipo, juu skripti nyingi tunazorithi zimeandikwa na herufi fupi. Lakini hapa sitapigana na mtu. Chagua moja, iandike mahali ambapo kila mtu wa timu ataiona, na ukague kama inafuatwa.

Kukagua ni rahisi mno, hakuna sababu ya kumtegemea binadamu. Kama kila opsheni inaanza mstari wake:

`programu --help | grep -oE '^ +-[A-Za-z0-9]' | tr -d ' ' | LC_ALL=C sort -f -c`

Hiyo `sort -c` haipangi kitu, inaangalia tu kama imepangwa, na ikikuta mstari uliokosea inakutajia ni upi na kurudisha namba inayoashiria kosa, kwa hivyo unaweza kuiweka kwa ukaguzi unaopita kila mtu akituma kazi. `LC_ALL=C` ni muhimu sana, bila hiyo `sort` itafuata lugha iliyowekwa kwa mashine na matokeo ya laptopu yako yanaweza kutofautiana na ya seva. Na `-f` inafanya kubwa na ndogo zihesabiwe sawa, zikifungana kubwa inatangulia, yaani inatoa ule mfuatano wa `-aDde`. Tarakimu zinaanza kabla ya herufi. Ukitaka kubwa zote zianze, toa `-f`. Mstari mmoja na ubishi wa kila mtu akipitia kazi ya mwenzake unaisha.

Sasa nifike kwa ile sababu inanifanya nijali hivi, juu yote nimesema mpaka hapa ni urahisi, na hii inayofuata ni usalama. Kuna mahali ambapo mfuatano wa opsheni kwenye amri yenyewe unabadilisha kinachotokea. Kiwango cha POSIX, cha mifumo ya aina ya Unix, kwenye kanuni zake za kuandika amri, kanuni ya 11 inasema mfuatano wa opsheni haufai kuleta tofauti, isipokuwa zile zinazopingana na ambazo mwongozo umesema wazi kwamba inayokuja nyuma inafuta iliyotangulia. `rm`, amri ya kufuta faili, ni mfano mzuri. `rm -if` haikuulizi, `rm -fi` inakuuliza, juu ya mwisho ndiyo inashinda. Watu wengi wako na `alias rm='rm -i'` (jina la mkato linalogeuza `rm` kuwa `rm -i`) kwa mashine zao ili waulizwe kabla ya kufuta, na wakiandika `rm -f` amri inayofika ni `rm -i -f`, ya mwisho ni `-f`, kinga imeenda.

`find`, amri ya kutafuta faili, ni mbaya zaidi. `find . -name '*.tmp' -delete` inafuta zile faili za tmp. `find . -delete -name '*.tmp'` inafuta kila kitu kilicho chini ya hapo, juu `find` inasoma kutoka kushoto kama sharti baada ya sharti, ikikutana na `-delete` inafuta kwanza ndio iendelee kuuliza jina. Ukurasa wake wa `man` umeweka onyo kabisa kuhusu hilo. `rsync` nayo, ile ya kunakili faili, sheria ya kwanza inayolingana ndiyo inatumika, kwa hivyo `--include='*.csv' --exclude='*'` inabeba CSV za folda hiyo, ukizigeuza haibebi chochote. ffmpeg, ya kushughulikia video na sauti, ukiweka `-ss 60` kabla ya `-i` inaruka mpaka hapo ndani ya faili inayoingia, ukiiweka baada ya `-i` inasoma kutoka mwanzo na kutupa mpaka ifike hapo. Na `tar`, ya kufunga faili nyingi pamoja, ambayo imeshika watu wengi sana: `tar -czf kazi.tar.gz kazi` ni sawa, `tar -cfz kazi.tar.gz kazi` inatengeneza faili inaitwa `z`, juu `f` inahitaji jina na kinachoifuata mara moja ni z, alafu inalalamika kwamba `kazi.tar.gz` haioni. Toa kile kistari uandike `tar cfz kazi.tar.gz kazi` na inafanya vizuri, juu ule mtindo wa zamani bila kistari unasoma majina baadaye.

Fikiria sasa msomaji mpya anayesoma mwongozo ambao mifano yake imeandikwa ovyo. Ukurasa mmoja `docker run -d --name db -p 5432:5432 postgres`, ukurasa unaofuata `docker run -p 5432:5432 --name db -d postgres`. Ni kitu kimoja. Lakini yeye hajui. Anaweza kukaa hapo akijiuliza kwa nini hapa `-d` imeenda nyuma, kuna kitu kinabadilika? Akishaona mara kadhaa kwamba hakibadiliki, anajifunza kwamba mfuatano ni mapambo, mwandishi anatupa tu. Na siku atakutana na `find` ama `rsync` atakuwa tayari amefundishwa na miongozo yetu kutoangalia mfuatano. Mpangilio wetu wa ovyo unaficha ule mpangilio wenye maana. Tungekuwa tunaandika mifano yote kwa mfuatano mmoja kila siku, ile siku moja mfano umekuja tofauti msomaji angeshtuka na kuangalia mara mbili, na hapo pia mwandishi angejua anafaa kuandika sentensi moja kueleza kwa nini.

Hiyo docker ina lingine. Docker inaendesha programu iliyofungwa ndani ya kifurushi kinachoitwa imeji, hapo juu ni `postgres`. Opsheni zikija kabla ya jina la imeji ni za docker, zikija baada ya imeji zinapelekwa kwa programu iliyo ndani. Na kuna tofauti ya mashine: kwa Linux ukiandika `ls /tmp -l` inakubali, juu GNU inazipanga upya ndani kwa ndani, opsheni zinasongezwa mbele. Kwa Mac utaambiwa hakuna faili inaitwa `-l`. Hata kwa Linux ukiweka `POSIXLY_CORRECT` tabia hiyo inaisha. Ofisi nyingi hapa watu wako na MacBook na seva ni Linux, kwa hivyo mwongozo wenye opsheni mwisho wa mstari unafanya kazi kwa seva na kukataa kwa laptopu, na mtu mpya anafikiri ameharibu mashine. Kanuni ya 9 ya POSIX inasema opsheni zitangulie, vitu vingine vifuate. Ukiandika hivyo hautawahi kumwangusha mtu.

Hakuna kitu kipya hapa. Mwongozo wa kwanza wa Unix, wa Ken Thompson na Dennis Ritchie, uliandikwa tarehe 3 Novemba 1971, na tayari kurasa ndani ya kila sehemu zilikuwa zimepangwa kwa alfabeti. Hadi leo ukurasa wa man-pages(7) wa Linux unataka hata orodha ya makosa kwenye sehemu ya ERRORS iwe kwa alfabeti, na mandoc, programu ya kuonyesha kurasa za `man`, ina ukaguzi unaokulalamikia kama sehemu za ukurasa hazijafuatana vile desturi inataka. Watu walijali, na ndio maana stima ikipotea na fiber ikaenda nayo bado unaweza kufungua `man` kwa laptopu ukapata jibu kwa sekunde chache.

Kwa timu yetu sasa tumekubaliana mengi: muhtasari ufuate mtindo wa style(9), `--help` na README zifanane, ile amri ya `sort` ikae kwa ukaguzi, mifano iandikwe kwa mfuatano wa orodha isipokuwa mahali ambapo mfuatano una maana na hapo sababu iandikwe. Kitu kimoja bado tunabishana, ni `--no-`. Dada mmoja kwa timu anasema `--no-color` ikae kwa N, juu ndivyo imeandikwa na mtu akiikuta kwa skripti ataitafuta hapo. Mimi nasema ikae na `--color` kwa C, vile Git wanaandika `--[no-]verify` kwa mstari mmoja, juu ukiitenganisha unaishia na orodha ya N yenye opsheni nane ambazo hazihusiani hata kidogo, na mtu akisoma `--color` hajui kuna njia ya kuizima. Pendekezo la mwisho lililo mezani ni kuiweka kwa C na kuacha kwa N mstari mmoja tu wa kumrudisha mtu, "`--no-X`: angalia `--X`." Huo mstari mmoja naukubali, na nafikiri yeye pia ataukubali.